Mapigo 60 amekaa, mapigo 60 akipanda kilima: je, tusubiri betri ya moyo inayosoma neva?

*"Daktari, shikamoo. Baba yangu ana miaka 68, ni mkulima Lushoto. Mwaka juzi alikuwa akianguka mara kwa mara, mapigo yakapimwa yakawa 34 kwa dakika, akawekewa betri ya moyo Dar es Salaam. Tangu hapo hajaanguka tena. Shida ni kwamba akipanda kwenda shambani anaishiwa nguvu katikati ya njia, pumzi zinambana mpaka akae. Tumempima mara nyingi: amekaa mapigo 60, amepanda kilima mapigo 60. Hata siku alipopata habari za msiba wa kaka yake yalikuwa 60. Kadi yake imeandikwa VVI 60. Jirani anasema mtu akishawekewa betri, neva za moyo hufa. Mimi nimesoma kwamba kuna betri mpya inayopokea ishara za neva kutoka kwenye ubongo na kupandisha mapigo kama moyo wa kawaida. Je, ipo kweli? Tuuze kiwanja tumpeleke India akabadilishiwe, au tusubiri ifike huku?"*

Marahaba. Kiwanja msikiuze kwanza.

Betri inayosoma neva moja kwa moja na kupanga mapigo kwa kufuata ishara zake haiuzwi popote, iwe Dar es Salaam, Chennai au Ulaya. Inafanyiwa utafiti, na nitaeleza imekwama wapi. Lakini zile herufi tatu ulizozisoma kwenye kadi zinanifanya niamini kwamba mzee anaweza kupata nafuu bila kuingoja, na huenda hata bila kupasuliwa tena.

Tuanze na jirani, maana hofu yake ndiyo itakayomnyima mzee usingizi. Neva za moyo hazifi kwa kuwekewa betri. Kifaa chenyewe hulala chini ya ngozi karibu na mtulinga, na waya wake hupita ndani ya mshipa wa damu hadi chumba cha chini cha kulia cha moyo, yaani ventrikali ya kulia. Katika safari yote hiyo hakuna neva ya moyo inayokatwa. Wanaokatwa neva ni waliopandikizwa moyo wa mtu mwingine, na tazama kinachowatokea: wakiwa wamekaa tu, moyo hupiga 90 hadi 110 kwa dakika. Neva zikiondoka, moyo hauzubai kwenye 60; unapiga haraka zaidi.

Sababu ni hii. Juu ya chumba cha kulia cha juu kuna kijisehemu kinachoanzisha kila pigo, kiitwacho nodi ya sinasi. Kikiachwa peke yake hupiga karibu mara 100 kwa dakika. Neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo kupitia shingoni, hukizuia kila wakati mpaka mapigo yashuke hadi 60 au 70 tunayoyaona mtu akipumzika. Neva za simpathetiki hufanya kinyume: hukiharakisha. Mtu akiinuka na kuanza kutembea, vagasi hulegea kwanza, na hilo hutokea haraka sana, ndani ya pigo moja au mawili. Kupanda kutoka hapo kwenda juu ya 100 ni kazi ya simpathetiki na adrenalini iliyo kwenye damu, na huchukua sekunde nyingi zaidi kukolea. Mwili hutumia njia hizo mbili kwa pamoja, moja ya haraka na moja ya polepole, na ndiyo maana kuiga kazi yake kwa mashine ni kugumu.

Sasa kwa mzee. Mapigo 34 na kuanguka kwa ghafla, kwa umri wake, mara nyingi humaanisha kwamba njia ya umeme kati ya vyumba vya juu na vya chini imeziba. Kama ndivyo, ubongo bado unatuma amri, nodi ya sinasi bado inazitii, na akipanda kilima vyumba vya juu huenda vinapiga 110. Ila amri hiyo inaishia katikati, haifiki kwenye ventrikali zinazosukuma damu. Ventrikali zinaitii betri. Na betri imeagizwa nini? Herufi ya kwanza hutaja chumba kinachopewa umeme, ya pili chumba kinachosikilizwa, ya tatu betri ifanye nini ikisikia pigo la asili. V ni ventrikali, I ni kunyamaza. Kwa hiyo VVI 60 ni agizo moja tu: ventrikali isipitishe zaidi ya sekunde moja bila pigo. Hakuna mahali katika agizo hilo panapouliza kama mzee yuko kitandani au yuko mlimani.

Msiwalaumu waliomwekea. Waya mmoja ni nafuu, upasuaji wake ni mfupi, na kwa mtu anayeanguka kila wiki unaokoa maisha kama nyaya mbili zinavyookoa. Tofauti huja baadaye, mtu anaporudi kwenye jembe lake.

Nasema "kama ndivyo" kwa makusudi, kwa sababu kuna uwezekano mwingine wa aina mbili. Pengine njia haijaziba bali nodi ya sinasi yenyewe imechoka, haiwezi tena kupandisha kasi hata ikiamriwa. Au vyumba vyake vya juu vinapapatika ovyo muda wote, bila mpangilio wowote. Jibu la swali lako la betri linategemea ni lipi kati ya haya matatu, na kipimo cha kulijua ni ECG ya kawaida, yaani mchoro wa umeme wa moyo. Ipigwe mara mbili: amepumzika, kisha mara tu baada ya kupanda ngazi. Mwombeni daktari ahesabu mawimbi ya vyumba vya juu peke yake. Yakiwa 75 akipumzika na 110 baada ya ngazi huku ventrikali ziko palepale 60, mmepata ushahidi kwamba neva za mzee ni nzima na nodi yake inazisikia.

Na hapo ndipo jambo ambalo habari nyingi za mitandaoni hulipita. Kwa mtu wa aina hiyo, nodi yake mwenyewe ndiyo kifaa bora cha kusoma neva kuliko chochote kitakachotengenezwa kiwandani. Kinachohitajika ni kuisikiliza tu. Betri ya nyaya mbili, iandikwayo DDD, hufanya hivyo: waya mmoja hukaa chumba cha juu, husikia pigo la nodi, betri husubiri chini ya robo sekunde, kisha hupiga ventrikali. Vagasi ikilegea, homa ikipanda, msiba ukimfika, nodi huharakisha na ventrikali hufuata, hadi kikomo cha juu kilichowekwa, kwa mfano 120 au 130. Betri za namna hii zimetumika kwa zaidi ya miaka 40 na hospitali za moyo za kwetu huziweka. Kwa hiyo, ndugu yangu, ile betri "inayopokea ishara za neva" uliyosoma habari zake, kwa mgonjwa aliyeziba njia, kwa namna fulani ipo tangu zamani.

Wanaoihitaji kwa kweli ni wale wengine wawili: aliyechoka nodi, na ambaye vyumba vya juu vinapapatika. Kwao hakuna pigo la juu la kufuata, ndiyo maana watafiti wakafikiria kwenda kuzichukua ishara kwenye neva zenyewe. Kinachowakwamisha ni hiki.

Vagasi shingoni hukaa katika ala moja na mshipa mkuu wa damu uendao kichwani, na ndani yake kuna makumi ya maelfu ya nyuzi. Nyingi hazipeleki amri kwa moyo hata kidogo. Sehemu kubwa hupeleka habari juu, kutoka tumboni, mapafuni na kwingineko. Zinazoamuru moyo ni chache na zimechanganyika na nyingine. Ukivisha neva hiyo pete ya elektrodi, unachopata ni makelele ya zote kwa pamoja, kama kumtafuta mtu mmoja kwa sauti yake Kariakoo siku ya mkesha wa sikukuu. Tena ni makelele ya chini mno: mikrovolti chache. Waya wa betri ulio ndani ya ventrikali hupokea ishara ya milivolti kadhaa, zaidi ya mara elfu. Misuli ya shingo iliyo jirani ikikaza kwa kumeza au kugeuka, umeme wake huifunika ishara ya neva kabisa.

Halafu kuna mwili wenyewe. Pete hiyo huzungukwa na kovu ndani ya wiki chache na ishara hubadilika. Tarakimu ulizopima mwezi wa kwanza hazifai mwezi wa sita. Pete ikibana, neva huumia, na vagasi iliyoumia huathiri sauti na kumeza. Na kuna nishati. Betri ya kawaida ina akiba ya takriban ampea-saa 1, na hutumia wastani wa mikroampea 10 hivi. Piga hesabu, ni saa 100,000, zaidi ya miaka 11. Ukiongeza kikuza-ishara na kompyuta ndogo ya kuchambua neva usiku na mchana, tuseme vinakula mikroampea 20 za ziada, akiba ileile inaisha kabla ya miaka minne. Kila kuisha ni upasuaji mwingine, na kila upasuaji ni nafasi mpya ya vijidudu kuingia.

Kwa hiyo watengenezaji walizunguka. Badala ya kusoma neva, wanasoma kile ambacho neva zimekifanya mwilini. Betri yenye uwezo huo huongezewa herufi ya nne, R: VVIR, DDDR.

Kihisi kinachopatikana zaidi ni cha mtikisiko. Ni cha bei ndogo, hakili nishati nyingi, na hupandisha mapigo ndani ya sekunde chache mtu akianza kutembea. Ila hakijui chochote kuhusu msiba, hasira wala homa. Kinajua kifua kinatikisika au hakitikisiki. Hivyo mtu akishuka ngazi kwa vishindo hupewa mapigo mengi kuliko anapopanda polepole, ingawa kupanda ndiko kunakochosha. Bodaboda kwenye barabara ya mashimo humpandishia mapigo abiria aliyekaa tu. Aina ya pili hupima pumzi, kwa kupitisha umeme mdogo sana kati ya waya na kifaa na kuona kifua kinavyojaa na kupungua. Hii huendana na kazi vizuri zaidi, lakini huchelewa kuanza, na mashine za kufuatilia wagonjwa wodini zinazopima pumzi kwa njia hiyohiyo zinaweza kuidanganya, mapigo yakapanda bila sababu.

Iliyo karibu zaidi na neva ni ya tatu, inayotumiwa na kampuni ya Biotronik. Katika kila pigo hupima ukinzani wa umeme kuzunguka ncha ya waya ndani ya ventrikali na kutambua msuli umejikaza kwa nguvu kiasi gani. Simpathetiki ikiamka, msuli hujikaza kwa nguvu zaidi, basi kifaa huongeza mapigo, hata kama mtu ameketi na kinachomsumbua ni habari mbaya. Katika utafiti wa mwaka 2021 wa wagonjwa 128 wenye umri wa miaka 40 na zaidi, waliokuwa wakizimia kwa sababu vagasi husimamisha moyo ghafla, kuzimia kulirudi kwa asilimia 16 ya waliowashiwa betri ya mfumo huu, na kwa asilimia 53 ya wale ambao betri zao ziliachwa zimezimwa. Huo ni ushahidi mzuri kwa wagonjwa wa aina ile. Si ushahidi kwamba kila mwenye VVI abadilishiwe.

Kuna na habari mbili ambazo huchanganywa na hii unayoiuliza. Moja ni ya kondoo wenye moyo dhaifu, New Zealand: mwaka 2022 watafiti walieleza kwamba betri iliyopandisha mapigo kondoo avutapo pumzi na kuyashusha aitoapo, kama vagasi ifanyavyo kwa mwenye afya, iliongeza damu inayosukumwa kwa asilimia 20 hivi ikilinganishwa na mapigo yasiyobadilika. Inatia moyo, ila inafuata pumzi, haisomi neva. Nyingine ni vifaa vinavyosisimua neva badala ya kuzisikiliza. Kusisimua vagasi kwa ajili ya kifafa kuliidhinishwa Marekani mwaka 1997. Kwa moyo dhaifu, jaribio kubwa la wagonjwa 707 lililochapishwa 2016 halikupunguza vifo wala kuzidiwa. Mtu akiwaonyesha tangazo la kifaa cha neva cha moyo, ulizeni kinasikiliza au kinasisimua, na mwombeni namba ya modeli. Maswali hayo mawili yatawaokolea nauli.

Sasa cha kufanya. Chukueni kadi ya mzee, tafuteni jina la kampuni na modeli. Kama kwenye jina kuna SR, au mahali pameandikwa SSIR, basi kihisi kimo ndani ya betri aliyonayo na huenda kimezimwa tu. Hili ni la kawaida kuliko watu wanavyodhani: betri huwekwa kwa haraka, hupangwa 60, mgonjwa hupona kuanguka, harudi kliniki. Kabla ya kupanda basi pigeni simu kliniki ya moyo, wapeni jina la kampuni na modeli, waulize mashine ya kuisoma itakuwepo siku gani. Kila kampuni ina mashine yake, ya moja haisomi betri ya nyingine, na watu hutoka mbali wakakuta ya kwao haipo.

Siku hiyo, kabla ya kugusa mpangilio, mwombeni daktari ahakikishe uchovu hautokani na kitu kingine. Damu ipimwe wingi wake, na tezi ya shingo. Eko ya moyo, yaani picha ya moyo ukiwa unapiga, ni ya lazima. Ventrikali inayopigwa kutoka kulia muda wote hujikaza bila ulinganifu, na kwa baadhi ya watu hudhoofika polepole baada ya miezi au miaka. Daktari akiona nguvu ya kusukuma imeshuka chini ya asilimia 50, mazungumzo hubadilika, mnahitaji waya unaopiga pande zote mbili au unaofuata njia ya asili ya umeme, na kihisi peke yake hakitatosha. Mzee aulizwe pia bila haraka: kinachombana ni pumzi, au ni kifua chenyewe kama kimewekewa uzito? Kama ni kifua, mishipa ya moyo ichunguzwe kwanza, kwa kuwa kuupandishia mapigo moyo usiopata damu ya kutosha ni kuuumiza. Na je, shingo inapwita, kizunguzungu kinakuja akiwa amesimama tu? Hizo ni dalili kwamba vyumba vya juu vinajikaza wakati milango ya chini imefungwa, na dawa yake ni waya wa juu.

Yakiwa sawa hayo, kihisi kiwashwe. Hakuna kisu, kichwa cha mashine huwekwa juu ya kifua na kazi huisha kwa dakika chache. Kwa mtu wa miaka 68 asiye na ugonjwa wa mishipa ya moyo, kikomo cha 110 hadi 120 ni mwanzo mzuri. Halafu ajaribiwe, na hapa nisisitize kwa sababu ya Lushoto: mtihani wa kawaida ni kutembea koridoni dakika 2 au 3, lakini mkulima wa milimani hupanda taratibu, kifua hakitikisiki sana, kihisi cha mtikisiko kitamwona kama anayetembea sebuleni. Apandishwe ngazi kwa mwendo wake wa shambani. Mapigo yakibaki chini ya 80, unyeti uongezwe. Kisha ainame na kurusha mikono kama anayelima, maana jembe hutikisa kifua kupita kiasi. Yakigonga kikomo mara moja, upunguzwe kidogo. Arudi baada ya wiki 4 hadi 6. Betri huweka kumbukumbu ya mapigo, na kama karibu yote bado yako kwenye 60, kihisi bado kimelala.

Kuongeza waya wa pili ni hatua ya baadaye, kama ECG imeonyesha nodi nzima na kihisi hakikutosha. Si jambo dogo. Kufungua tena mfuko wa betri kuna hatari ya maambukizi kubwa kuliko mara ya kwanza, mshipa unaweza kuwa umeziba kuzunguka waya wa zamani, mapafu yanaweza kutobolewa, na waya mpya unaweza kuchomoka. Dalili zikiwa nyepesi, ningesubiri siku ya kubadilisha betri, kazi zifanyike pamoja. Mzee akiwa anashindwa kufika shambani, nisingesubiri miaka minane. Ikiwa vyumba vya juu vinapapatika daima, waya wa juu hauna kazi, msilipe. Kazi hii hufanyika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete palepale Dar es Salaam. Omba makadirio ya gharama kwa maandishi, na uliza bima inabeba kipi.

Mambo ya kutongoja miadi: akizimia au kukaribia kuzimia, mapigo yakihesabiwa kwa dakika nzima, si kwa mashine ya presha, yakawa chini ya 60 zaidi ya mara moja, kwikwi isiyokata, mkono wa upande wa betri ukivimba, akishindwa kupumua akilala chali. Na ngozi juu ya betri ikiwa nyekundu, ikivimba, ikitoa maji au ikionyesha chuma, mpelekeni hospitali yenye wataalamu wa moyo siku hiyohiyo. Zahanati isimpe antibayotiki akae nyumbani aone itakuwaje, na mtu yeyote asidunge sindano kwenye uvimbe huo kutoa usaha. Sindano hiyo inaweza kuingiza vijidudu mahali ambapo havikuwepo.